Lango la Zizi la Chini

Mpendwa dada yangu Muhonja,

Zizi la chini halipo tena. Lilibomolewa wiki tatu zilizopita, mchana kweupe, na wanaume sita wenye mashoka waliokuwa wakitafuta kuni za kuwapikia waombolezaji wa Baba Mdogo Shivachi. Hawakuniuliza. Nilifika kutoka mjini Kakamega nikakuta nguzo zimeshapasuliwa na mbao za lango zinawaka chini ya sufuria ya chai. Mmoja wao akanikabidhi mkebe wa bati waliouona umepigiliwa misumari chini ya paa.

"Huu ni wa daktari," akasema. "Vitu vya daktari sisi hatugusangi."

Alisema hivyo huku akisukumiza kipande cha lango lako motoni kwa mguu.

Ndani ya mkebe mlikuwa na kipimajoto kilichovunjika na madaftari yako manne. Nimeyasoma yote. Kwa hiyo nakuandikia.

Nimekutumia barua tatu tangu uondoke na hukujibu hata moja. Hii ya nne nimeomba nafasi yake gazetini. Uliwahi kuniambia kwamba mimi husema kweli pale tu ninapopewa ukurasa. Sasa nimepewa. Gazeti likikosea, huchapisha masahihisho, na katika kazi hii nimeandika masahihisho mengi: jina la diwani lililokosewa, magunia ya mahindi yaliyozidishwa, picha ya mtu hai iliyowekwa chini ya tangazo la kifo. Hili la leo ni kosa langu mwenyewe. Limechelewa miaka mitano. Wasomaji hawakujui, kwa hiyo utanivumilia nikikueleza mambo ambayo wewe unayajua kuliko mimi.

Ulirudi nyumbani na shahada ya udaktari wa mifugo wakati ambapo serikali ilikuwa imeacha kuwaajiri madaktari wapya kama ilivyozoea. Josho la kijiji, ambalo Baba alilitunza maisha yake yote ya kazi, lilikuwa limekabidhiwa kamati, na kamati ilikuwa imelijaza maji matupu. Ng'ombe walioshwa, wakatoka wasafi, na kupe wao wakatoka wasafi pia. Baba alikaa kwenye kiti chake, mkono wa kushoto umelala pajani tangu apatwe na kiharusi, akawatazama wakipita barabarani.

"Hao wameenda kuogelea," akasema.

Ukacheka. Ulikuwa unacheka siku hizo.

Ulianza kutibu ng'ombe wa majirani kwa baiskeli. Na jioni uliandika barua za kuomba masomo ya shahada ya pili. Sanduku la posta lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kazi mjini, na bahasha zako zilipitia mikononi mwangu. Katika wiki moja zikaja mbili. Nilikuletea zote siku ya Jumapili baada ya kanisa. Ukazifungua kwa kisu cha mkate, ukaziweka mezani ubavu kwa ubavu mbele yetu: Baba, Baba Mdogo Shivachi na mimi. Mama alikuwa ameshatutangulia.

Bahasha ya kwanza ilikuwa ya chuo cha ng'ambo kilichokupa nafasi na gharama zote. Miaka miwili huko huko, maabara, mwalimu wako mlango wa pili. Ya pili ilikuwa ya chuo kingine, cha ng'ambo vilevile, kilichofundisha kwa posta. Vitabu vingekuja kwa vifurushi, mtihani ungeufanyia Nairobi mara moja kwa mwaka, utafiti ungeufanya hapa nyumbani, na ungekuwa na miaka mitano ya kumaliza. Kijitabu chao kilikuwa na picha ya mwanamke anayesoma chini ya taa, na maneno haya niliyoyatafsiri kwa sauti kwa ajili ya wazee: mwanafunzi hujichagulia mahali na saa zake.

"Huyo wa posta," Baba akauliza, "ataona aje ng'ombe? Atatumiwa mkia?"

"Atatumiwa damu, Baba," ukamjibu. "Tone moja kwenye kioo."

Kisha ukanigeukia. Ulisema mara moja tu, na hukuinua sauti: "Nataka kwenda, kaka."

Nakumbuka nilivyojipanga. Nilikupa sababu moja baada ya nyingine kama ninavyopanga habari, kubwa juu, ndogo chini. Baba ni mgonjwa. Anamhitaji mtu wa kumgeuza kitandani, na mikono aliyoizoea ni yako. Ugonjwa unaotaka kuuchunguza uko hapa, hauko ng'ambo. Huu wa posta utakupa vyote viwili, shahada na nyumbani. Nilizungumza vizuri. Baba Mdogo Shivachi alitikisa kichwa na kusema kwamba kijana huyu angekuwa wakili.

Kulikuwa na sababu moja ambayo sikuitaja. Ukienda, zamu ya Baba ilikuwa yangu. Nilikuwa na nyumba ya vyumba viwili mjini, mke ambaye hakutaka kurudi kijijini, na kazi ninayoipenda. Sikudanganya hata neno moja mezani pale. Niliacha tu sentensi moja nje, na kwa kazi yangu najua kwamba hivyo ndivyo habari nyingi za uongo zinavyoandikwa.

Ukairudisha barua ya kwanza ndani ya bahasha yake. Ulichukua muda mrefu kuikunja.

Sitasema kwamba masomo yale yalikuwa mabaya. Hayakuwa mabaya. Vifurushi vilifika, vimefunguliwa na watu wa forodha na kufungwa tena kwa kamba. Mwalimu wako alisahihisha kwa wino wa kijani, majibu yake yakichukua wiki sita njiani, na alikuwa mtu makini. Ulimsomea Baba vitabu vile kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, na mlipofika kwenye sura ya kupe akawa anabishana na kitabu.

"Huyo mzungu anasema kupe hupanda jani asubuhi," akakuambia. "Mwandikie. Mwambie nimewaona wanapandanga hata saa nane mvua ikikatika. Yeye ameumwa na kupe wangapi?"

Ulimwandikia kweli. Mwalimu alijibu kwa wino wa kijani kwamba angependa kukutana na mzee huyo. Baba aliitaka barua hiyo isomwe mara tatu, mara ya tatu mbele ya Shivachi.

Wabaya tulikuwa sisi. Kijitabu kilisema mwanafunzi hujichagulia saa zake. Nyumbani kwetu kila mtu alikuchagulia. Kwa kuwa hukuwa ukienda popote asubuhi, wote waliona huna kazi. Kamati ya kanisa ilikupa kuandika kumbukumbu zake. Shivachi alikuita ng'ombe wake akizaa, siku ile ile uliyotakiwa kusafiri kwenda Nairobi kwa mtihani, na ukaufanya mtihani ule hujalala wala hujabadilisha viatu. Mimi nilikuletea mtoto wangu akiwa na surua kwa sababu mke wangu alikuwa na semina. Ulipofungua mdomo nilikuwa na jibu tayari.

"Wewe si uko nyumbani tu?"

Nimelihesabu neno hilo katika daftari la pili. Umeliandika pembeni, kwa kalamu ya risasi, mara tisa, na kila mara umeandika nani aliyelisema. Mara nne ni mimi.

Hata hivyo ulijenga zizi la chini. Wazo lilikuwa lenu wawili, wewe na Baba. Ndigana, homa inayoua ndama, huletwa na kupe wa masikioni, na watu wetu hawakuwa tena na uwezo wa dawa ya kunyunyiza kila wiki. Je, ndama anaweza kufikisha miezi kumi na minane bila dawa kabisa, kwa ua mzuri na majani yaliyokatwa mahali pasipokanyagwa na ng'ombe yeyote? Hilo ndilo ulilotaka kujua. Mwalimu wako alilikubali. Ulipanda nepia, majani marefu ya kulisha ng'ombe, kwenye shamba la chini, mbegu yake ukaitoa chuo cha kilimo cha Bukura, ukalizungushia ua, na ndani yake ukajenga kibanda cha ndama kumi na wawili. Wawili walikuwa wetu. Kumi ulikabidhiwa na majirani. Nje ulikuwa na wengine kumi na wawili wa kulinganishia, waliochungwa na mama zao kama kawaida.

Kijiji kilipata cha kuchekea. Waliwaita wanafunzi wa bweni. Walisema ndama hao wamesoma kuliko chifu. Rispa, yule mjane wa ng'ambo ya kijito, alimwita ndama wake Profesa, na alikuwa akija kila jioni kumsalimia akiwa nje ya ua.

"Profesa, leo umefundishwa nini?" angeuliza. Halafu kwako: "Daktari, akifeli usimrudishe kwangu, mpeleke moja kwa moja kwa mwenye bucha."

Kila asubuhi uliwapima joto, ukawagusa tezi chini ya masikio, ukawatoa damu tone moja. Lango la zizi, ambalo ndilo lilikuwa njia ya zamani ya kutokea bomani upande wa chini, ulilitia kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwako. Na mlinzi wa lango alikuwa Baba. Ulimsogezea kiti chake chini ya mti wa mapera, karibu na lango, na fimbo katika mkono wake wa kulia. Ng'ombe wa mtu akikaribia, alimfukuza. Mtu mwenyewe akikaribia, alimwambia apanguse viatu. Nilimwona akimzuia padri.

Niliandika habari yenu gazetini. Naikumbuka vizuri kwa sababu iliwekwa ukurasa wa tatu na picha ya Baba na fimbo yake. Nilieleza kila kitu kama ulivyonieleza: kwamba kupe aliyeshiba huanguka chini, hujificha, hujivua ngozi, kisha wiki kadhaa baadaye hupanda jani na kungoja mnyama mwingine. Kwamba ng'ombe mmoja wa nje akipita mara moja tu katika nepia ile, jani halitakuwa safi tena. Niliandika sentensi hii kwa mkono wangu: "Hakuna ng'ombe wa nje anayeruhusiwa kupita lango hili, kwa sababu yoyote." Maneno "kwa sababu yoyote" hukuyasema wewe. Niliyaongeza mimi. Niliona yananoga.

Baba akafa mwezi wa kumi na nne wa utafiti. Ndama wote kumi na wawili walikuwa hai. Kati ya wale wa nje, watano walikuwa wamekwisha kufa. Ilibaki miezi minne.

Wasomaji wa mbali hawajui shilembe. Kwetu Isukha mzee wa heshima akifa, ukoo na majirani huleta ng'ombe wao nyumbani kwake. Huwakimbiza uani, wanaume wameshika matawi, ngoma za isukuti zinalia, fahali wamechongolewa pembe, na kwa kelele hiyo kifo hutolewa nyumbani. Ni heshima kubwa. Mzee asiyefanyiwa huonekana hakuwa na watu. Sikatai desturi hiyo. Niliiona nikiwa mtoto na mwili ukanisisimka.

Hukuikataa wewe pia. Unakumbuka ulivyosema asubuhi ile, umesimama mbele ya wazee na khanga umejifunga kiunoni? Ulisema waingie kwa lango la juu, wazunguke kaburi mara watakazo, watoke kwa lango la juu.

"Ng'ombe wa msiba harudi nyuma kama mwizi," Shivachi akasema. "Anaingilia hapa, anatokea kule. Tangu lini tukafanya vingine?"

"Kule kuna ndama za watu, Baba Mdogo."

"Ziko kibandani. Si umezifungia?"

"Si leo ndio hatari. Kupe wataanguka leo. Hatari ni wiki ya sita, ya saba."

"Ya saba!" Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Mukhana, msichana wetu huyu, ameshapanga tarehe na kupe."

Wakacheka. Ulingoja wamalize. Ukasema ungekata ua wa boma upande wa mashariki kwa mikono yako, wapite huko, ng'ombe wasirudi nyuma na nepia isiguswe. Ilikuwa rahisi hivyo. Saa moja ya kazi, na panga lilikuwa mkononi mwako tayari.

"Ndugu yangu atoke kwake kwa tundu la ua?" Shivachi akauliza. Hakuwa anacheka tena. Machozi yalikuwa yakimtoka, na nataka kuwa wa haki kwake kwa kuwa amekufa: aliamini alichokisema. "Josho la watu wote alilitunza, leo ng'ombe wa watu wote wakatazwe kumpitia?"

Tayari fahali walikuwa barabarani. Tulisikia ngoma. Vumbi lilionekana juu ya ua wa juu. Watu wakaanza kunitazama, kwa kuwa mimi ni mwana mkubwa na neno la mwisho lilikuwa langu.

"Mwandishi," Shivachi akaniambia mbele ya wote, "hapa hatusomi gazeti. Baba yako alikuwa mwanamume, au alikuwa mlinzi wa ndama? Sema."

Dada yangu, ningeweza kusema kwamba sikuelewa. Wengine wote pale wangeweza kusema hivyo. Mimi nilikuwa nimeandika. Ningeweza kusema kwamba nililemewa na huzuni, lakini huzuni yangu ilikuja baadaye, kama wiki mbili hivi, nikiwa kwenye foleni ya benki. Asubuhi ile nilikuwa na fahamu zangu zote. Niliona watu kama mia tatu. Niliona kwamba nikisema hapana watasema mtoto wa mjini ameaibisha kaburi la babake kwa ajili ya majani. Nikaogopa kuonekana mdogo.

Nikasema, "Fungueni."

Hakuna aliyesogea, kwa sababu ufunguo ulikuwa wako. Ukauchomoa mfukoni. Nilidhani utautupa kijitoni, na nakiri kwamba nusu yangu iliomba uutupe. Ukaja mpaka nilipo, ukauweka kiganjani mwangu, ukakifunga kiganja kwa vidole vyako kama mtu anayempa mtoto nauli.

"Fungua wewe," ukasema.

Nikafungua. Walipita ng'ombe zaidi ya mia. Nepia ililala chini kama mkeka.

Jumatatu niliandika habari ya mazishi. Iko katika kumbukumbu za gazeti, mtu yeyote anaweza kuitazama. Nilisema mazishi yalifana, desturi ilitimizwa kikamilifu, na "hapakuwa na hasara yoyote." Hilo ndilo kosa la kwanza ninalolisahihisha leo.

Ulijaribu kwa wiki sita. Ulikata majani mengine kando ya barabara na kando ya kijito, lakini huko kulikuwa na ng'ombe wa kila mtu, na kupe wa kila mtu. Ulifyeka nepia yote na kuichoma, ukangoja ichipue. Daftari la nne linaonyesha joto la kila ndama asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Wiki ya saba, siku ya Jumatano, namba saba alipanda joto na tezi yake ya sikio ikavimba. Namba saba alikuwa Profesa.

Nilikuwapo Rispa alipokuja. Nilikuwa nimekuja kuchukua cheti cha kifo cha Baba.

"Daktari," akakuambia kutoka nje ya ua, "Profesa hanisalimii. Amekataa hata kugeuka."

Hukumjibu kwa utani. Ulimfungulia lango, mara ya kwanza kumruhusu mwenye ndama kuingia, ukamleta mpaka kibandani akae na ndama wake. Profesa alikufa Jumapili, akihema kama mtu aliyepanda mlima. Baada yake wakafa wengine wanne.

Hapo ulikuwa na njia mbili, na nilipokuja tena nilikusikia ukizisema kwa sauti, si kwangu, kwa hewa tu. Wale saba waliobaki ukiwanyunyizia dawa, watapona wengi wao, lakini utafiti umekufa, kwa kuwa ulikuwa utafiti wa ndama wasioguswa na dawa. Usipowanyunyizia, utakuwa na matokeo ya kuandika. Mabaya, lakini matokeo. Mwalimu wako angeyakubali. Ndama aliyekufa ni namba kama namba nyingine.

Ulivaa bomba la dawa mgongoni. Ulinyunyizia mmoja baada ya mwingine, ndani ya masikio, chini ya mkia, polepole, kama Baba alivyokufundisha. Ulipomaliza wa saba ulinikuta nimesimama langoni.

"Andika na hii," ukaniambia.

Sikuandika.

Ndama wale saba walikua. Mmoja ni mama wa ng'ombe anayekamuliwa kwa Rispa leo, kwa kuwa ulimpa wa kwetu badala ya Profesa. Barua ya wino wa kijani ilikuja baada ya miezi miwili. Ilikuwa ya upole. Ilisema jaribio haliwezi kukubaliwa, ilisema anasikitika kusikia habari za mzee, ilisema unaweza kuanza upya ukiwa bado na muda. Ulinipa niisome. Na mimi, baada ya yote hayo, nikakuambia nini?

Nikakuambia, "Basi si uanze tena? Masomo ya posta hayana haraka."

Ulicheka. Hakikuwa kile kicheko cha zamani. Ilikuwa sauti fupi, kama kuni ikivunjwa kwa goti. Mwezi uliofuata uliondoka bila kuaga mtu ila Rispa. Nasikia uko Gaborone, katika kiwanda cha nyama, unapiga mihuri kwenye mizoga. Aliyenieleza alidhani ananipa habari njema. Alisema una gari.

Nitakuambia pia ninachokudai, ili barua hii isiwe ya mtu anayejilaumu tu. Nina uchungu nawe. Uliondoka kama mtu aliyetoka benki, amemaliza shughuli yake na hana tena wa kumtazama. Tumbo lililotuzaa ni moja, na barua tatu kwa miaka mitano hazikujibiwa hata kwa kadi tupu. Mtoto uliyemuuguza surua ananiuliza shangazi anafananaje, nami namwonyesha picha ya Baba na fimbo, kwa kuwa kiwiko chako kimeingia pembeni. Hilo lina uchungu, nami sitakuambia kwamba halina.

Lakini nimesoma ukurasa wa mwisho wa daftari la nne.

Umepiga mistari kwa rula. Safu nne: namba ya ndama, tarehe, dawa, sababu ya kuondolewa katika utafiti. Kila mmoja wa wale saba ana mstari wake. Na katika safu ya sababu umeandika neno moja mara saba, kutoka juu hadi chini: Msiba. Msiba. Msiba. Msiba. Msiba. Msiba. Msiba.

Ulikuwa na nafasi ya kunitaja. Safu ilikuwa pana, na daftari lilikuwa lako peke yako. Ulikuwa mtafiti, ulifundishwa kuandika chanzo na si dalili. Hukunitaja. Sijui kama ulinihurumia au uliniona sistahili wino. Nimelifikiria hilo kwa wiki tatu na sina jibu, na wewe ndiye pekee unayelijua.

Ila kazi yangu naijua. Msiba hauna mkono. Msiba haushiki ufunguo. Shivachi alilia, wazee walicheka, ng'ombe walipita walipopitishwa. Kufuli ilifunguliwa na mtu mmoja, na alikuwa amesoma, na alikuwa ameandika yeye mwenyewe ni kwa nini isifunguliwe.

Kwa hiyo haya ndiyo masahihisho. Katika habari ya mazishi ya Baba, iliyochapishwa na gazeti hili miaka mitano iliyopita, palipoandikwa "hapakuwa na hasara yoyote," pasomeke: walikufa ndama watano na shahada moja. Na katika daftari la nne la dada yangu, ukurasa wa mwisho, safu ya nne, palipoandikwa "msiba," pasomeke, mara zote saba: "kaka yangu."

Madaftari nimekutumia kwa rejesta. Ufunguo sikuutia ndani ya kifurushi. Umebaki kwangu, katika droo ya meza yangu ya kazi, na hauna tena cha kufungua.

Ukae salama huko uliko, dada yangu. Sikuombi urudi. Nakuomba usome tu, kisha ukitaka unyamaze, unyamaze ukijua kwamba nimeandika.

Ni mimi kaka yako,
niliyepewa ufunguo.